Picha ipo, sauti hakuna: Msiifute video ya mzee kabla ya kujaribu haya

Urambo. Chai imeshamiminwa, watoto wameketi mkekani, na flashi iliyokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam imechomekwa kwenye televisheni. Picha inatoka vizuri. Bibi amekaa chini ya mwembe, anaongea, ananyoosha mkono kuonyesha upande wa shamba. Midomo inacheza, waliomzunguka siku ile wanacheka, lakini sebuleni hakuna kinachosikika.

Mambo ya namna hii yanatokea katika nyumba nyingi na mara kadhaa huishia vibaya. Rimoti huzunguka mikono mitano. Kijana aliyekuwa akicheza gemu jana yake hukaripiwa bila kosa. Kisha hutokea mtu mwenye uhakika mwingi kuliko ujuzi, akasema flashi imekufa, ifomatiwe, video itaombwa upya kwa aliyeirekodi. Aliyeirekodi naye ameshabadili simu.

Mara nyingi sauti imo humohumo ndani ya faili. Ama kifaa kimeshindwa kuisoma, ama imepelekwa kutokea mahali pengine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta imepotelea wapi, huku faili lenyewe likiachwa bila kuguswa.

Kwa familia za Urambo jambo hili lina uzito wake. Wilaya hii ya wakulima wa tumbaku ina watoto waliotawanyika Tabora mjini, Kahama, Mwanza na Dar es Salaam, na simu ndiyo imekuwa kabati la kumbukumbu za ukoo. Humo mna wazee wanaosimulia nasaba kwa Kinyamwezi, mna mawaidha ya harusi na dua za arobaini. Mna pia kwaya za Moravian, kanisa lililoipokea misheni ya Urambo kutoka London Missionary Society mwaka 1898. Picha ya marehemu inaweza kupatikana hata kwenye kitambulisho chake. Sauti yake ikifutwa, hakuna ofisi ya kwenda kuiomba.

Mzigo na kamba zake

Wengi huamini kuwa jina la faili linaloishia na MP4 au MKV linaeleza kila kitu kuhusu video. Halielezi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Tabora, kati ya Bagamoyo na Ujiji, walibeba mizigo iliyofungwa. Ukiutazama mzigo kwa nje uliona mkeka na kamba, hukujua kama ndani mna vitambaa, shanga au waya wa shaba. MP4 na MKV ni mkeka na kamba. Ndani yake kuna picha iliyofungwa kwa namna yake, kuna sauti iliyofungwa kwa namna nyingine, na pengine kuna sauti mbili au tatu tofauti katika faili moja. Namna hiyo ya kufunga na kufungua ndiyo mafundi wa kompyuta huiita kodeki.

Televisheni ikiwa na ufunguo wa picha lakini haina wa sauti, hufungua nusu ya mzigo. Baadhi huandika kwenye kioo kwamba sauti ya aina hiyo haikubaliki. Nyingine hukaa kimya, na hapo ndipo familia huanza kugombana.

Nyuma ya ukimya huo mara nyingi kuna suala la leseni. Sauti za AC3 na EAC3 ni miundo ya kampuni ya Dolby, na DTS ni ya kampuni nyingine ya Marekani. Anayetaka kifaa chake kizisome hutakiwa kuwa na haki ya kufanya hivyo. Programu ya MX Player, ambayo wengi wanayo kwenye simu zao, iliondoa uwezo wa kusoma sauti hizo kwa sababu ya leseni. Samsung nayo iliiacha DTS kwenye televisheni zake kuanzia matoleo ya 2018. Kwa hiyo filamu inaweza kuongea vizuri kwenye televisheni ya zamani ya jirani, halafu ikawa bubu kwenye mpya iliyonunuliwa baada ya mauzo ya tumbaku. Aliyeuza televisheni hiyo si lazima awe tapeli.

Njia ya mkato ni programu ya VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa, na tangu 2001 inatolewa kwa leseni huria, bila malipo. Sifa yake ni kwamba inakuja na funguo zake yenyewe, haitegemei zile za Windows au za simu. Ichukuliwe Play Store au kwenye tovuti ya videolan.org. Nakala za kupewa vibandani huweza kuja na virusi, na virusi kwenye kompyuta yenye picha za ukoo mzima ni hasara kubwa kuliko bando la kuipakua.

Jaribio la dakika mbili

Kabla ya kupakua chochote, chezeni kwenye kifaa hichohicho faili lingine ambalo kila mtu anajua kuwa lina sauti. Likiongea, kifaa ni kizima na tatizo liko kwenye lile faili la kwanza au namna lilivyofungwa. Likinyamaza nalo, msiilaumu video. Kisha chukueni lile faili bubu mlipeleke kwenye simu yenye VLC. Fundi anayeanza na kufomati kabla ya hatua hizi mbili hajatafuta tatizo bado.

Kama kifaa ndicho chenye kasoro, yapo mambo madogo ambayo huwapotezea watu jioni nzima. Simu ya Android ina sauti ya mlio na sauti ya midia, kila moja na kipimo chake. Vitufe vya pembeni vibonyezwe wakati video inacheza. Bluetooth huleta vituko zaidi. Simu iliyounganishwa na sabufa ya chumba cha pili huendelea kuitafuta kila inapowashwa, na bibi anaongea huko chumbani wakati watu wamemkodolea macho sebuleni.

Kwenye kompyuta, waya wa HDMI unapochomekwa, mara nyingi Windows huhamisha sauti kwenda upande wa pili wa waya. Upande huo ukiwa televisheni, hakuna shida. Ukiwa projekta isiyo na spika, ukumbi mzima hubaki unatazama sinema ya enzi za kimya. Bofyeni alama ya spika chini kulia, mchague spika za kompyuta au zile za ukumbini. Waya wa VGA, ule mpana wenye skrubu mbili, haubebi sauti hata kidogo. Lazima uwepo waya mwingine wa kutoka kwenye tundu la hedifoni. Makanisa na kumbi zenye projekta za zamani wafunge waya huo wa pili mapema, si wakati maharusi wako mlangoni.

Yako pia mafaili yenye sauti zaidi ya moja, mfano filamu yenye lugha mbili, au video iliyochukuliwa kwa kipaza sauti cha kamera na cha MC kwa pamoja. Moja inaweza kuwa tupu. Kwenye VLC ya kompyuta ya Windows, herufi B huhama kutoka sauti moja hadi nyingine, na herufi M hunyamazisha. Hii ya M iangaliwe kwanza, maana kidole cha mtoto huipata kirahisi.

Sauti iliyozama kisimani

Yapo malalamiko mengine ambayo hata mafundi huyapokea kwa kicheko, kwa sababu yanaonekana hayawezekani: ngoma na vinanda vinasikika, anayeimba au kuongea hasikiki, au anasikika kama yuko ndani ya kisima. Yanawezekana, na sababu zake ni mbili.

Ya kwanza ni pini ya hedifoni ambayo haikuingia hadi mwisho. Pini hiyo ina pete: moja ya sauti ya kushoto, nyingine ya kulia, na nyingine ambayo zote mbili huitumia kurudia. Ile ya kurudia isipogusa vizuri, masikioni hubaki tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kilicho sawasawa pande zote hujifuta chenyewe, na katika rekodi nyingi kilicho sawasawa pande zote ni mwimbaji au msemaji. Kava nene la simu linatosha kuleta tatizo hili. Livueni, zimeni simu, toeni vumbi tunduni kwa kijiti kikavu cha mti, kisha sukumeni pini mpaka ishike. Vumbi la kiangazi cha Tabora halihitaji maelezo.

Sababu ya pili hugonganisha ndugu. Mpiga video akiunganisha vibaya waya wa kipaza sauti na kamera, upande wa kushoto unaweza kurekodiwa kinyume kabisa cha upande wa kulia: huu ukipanda, ule unashuka. Anayesikiliza kwa hedifoni, kila sikio na upande wake, anasikia maneno, ingawa yanamjaa kichwani kwa namna ya ajabu. Anayesikiliza kwa simu yenye spika moja hasikii kitu, kwa kuwa simu huzijumlisha pande zote mbili na jumla yake ni sifuri. Hivyo wa Dar es Salaam anaapa kuwa video ina sauti, wa Urambo anaapa kuwa haina, na wote wawili wanasema kweli.

Dawa ni kuchukua upande mmoja tu. Kwenye VLC ya kompyuta, fungueni menyu ya "Audio", mwende "Stereo Mode", mchague kushoto au kulia. Neno la mzee hurudi palepale.

Tofauti na hilo ni rekodi ambayo sauti imo upande mmoja na upande wa pili ni mtupu. Mwenye hedifoni iliyokufa sikio moja ataambiwa video ni mbovu. Simu nyingi za Android zina kitufe cha mono ndani ya mipangilio ya ufikivu, ambacho huchanganya pande zote na kuzipeleka kila sikio. Kitufe hicho kinamfaa sana mzee anayesikia kwa sikio moja. Wapenzi wa muziki wa zamani wa Tabora, wa Kiko Kids ya Salim Zahoro, Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz, nao wakipata nakala inayolia upande mmoja wajue kosa ni la waya wa aliyehamisha kutoka kanda. Nyimbo nyingi za enzi hizo zilirekodiwa kwa mono na zinapaswa kutoka sawa pande zote.

Ujumbe wa sauti na simu za tochi

Siku hizi maneno mengi muhimu hayamo kwenye video. Yamo kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao kwenye Android huhifadhiwa kwa muundo wa Opus, na majina yake huanza na herufi PTT. Muundo huo ni mzuri kwa sauti ya mtu na hauli nafasi, lakini redio nyingi za flashi zinazouzwa madukani hazisomi zaidi ya MP3. Mtu hunakili salamu za mwisho za mama yake kwenye flashi, redio inaziruka, naye anadhani zimefutika.

Kubadili mwisho wa jina kutoka opus kuwa mp3 hakusaidii. Ni kubandika karatasi mpya juu ya mzigo uleule. Faili linatakiwa kugeuzwa. VLC ya Windows inafanya hivyo: bonyezeni Ctrl na R pamoja, mchague faili, kisha muundo wa MP3, na nakala mpya iandikwe kwa jina lingine. Kwa video bubu ya televisheni, chagueni muundo wa H.264 na MP3. Kazi hiyo huchukua muda kwenye kompyuta dhaifu, na kompyuta isizimwe katikati.

Rekodi za simu za tochi na simu za zamani, zile za 3GP na AMR, zina habari ngumu zaidi. Simu hizo huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, wakati CD hupima mara 44,100. Zilitengenezwa kwa mazungumzo ya simu, si kwa kwaya. Kile ambacho hakikurekodiwa hakuna programu itakayokirudisha, na kijana anayedai kuwa anaweza kuifanya iwe kama ya studio asilipwe kabla ya kuonyesha kazi. Kinachoweza kufanyika ni kuisikiliza vizuri zaidi. Besi ya sabufa iteremshwe kabisa, kwa sababu besi huyafunika maneno. Watu wengi hufanya kinyume, wanaipandisha wakitumaini sauti itanona. VLC ya kompyuta inaweza kupandisha sauti hadi asilimia 125. Ikianza kukwaruza, rudini nyuma.

Sauti ikiachana na midomo, tazameni kwanza kama mnatumia spika ya Bluetooth, maana nyingine huchelewa hata robo ya sekunde. Jaribuni kwa waya. Kama tatizo limo kwenye faili, VLC ya Windows ina herufi K ya kuichelewesha sauti na herufi J ya kuiwahisha, kidogokidogo. Sauti inayokatakata mara nyingi hutokana na flashi ya polepole au kompyuta iliyoelemewa. Nakilini faili ndani ya kompyuta kwanza, na mlinganishe ukubwa wake na lile la mtumaji. Likiwa dogo, halikufika lote.

Mkono ulioonyesha shamba

Sehemu hii haihusu vitufe. Video nyingi za wazee zina maneno ya urithi, na ndiyo sababu familia hupaniki zinapokosa sauti. Kwa wanaofuata sheria za mila, kanuni za wosia zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Simu haihesabiwi kuwa shahidi wa tano. Video inaweza kuwasaidia mashahidi kukumbuka, haichukui nafasi yao.

Hata hivyo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokewa mahakamani, na moja ya mambo yanayotazamwa ni jinsi rekodi ilivyohifadhiwa na kama inaaminika haijachezewa. Hapo ndipo kijana mwema anayekata vipande vya mwanzo ili video iwe fupi anapoweza kuutia ukoo matatani. Faili la asili libaki kama lilivyotoka kwenye simu iliyorekodi. Kugeuza, kukuza sauti na kukata vifanyike kwenye nakala.

Kutuma nako kuna namna yake. Video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Ikitumwa kama hati, inafika kama ilivyo. Flashi kwa basi bado ni njia nzuri kwa mafaili makubwa, alimradi aliyetuma asifute lake hadi wa Urambo wamsikie mzee akiongea mwanzo hadi mwisho. Nakala moja ikae Urambo na nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, kwa kuwa flashi huibwa, hupotea na hufa zenyewe droo­ni.

Jina la faili nalo libadilishwe kwenye nakala, badala ya herufi VID na tarakimu ndefu: liandikwe jina la anayeongea, kijiji, tarehe na lugha. Kama anaongea Kinyamwezi cha ndani, yule shangazi anayekielewa vizuri aombwe kukaa na wajukuu na kuwatafsiria, sentensi kwa sentensi, kwenye daftari. Kazi hiyo inaweza kuanza hata kwa sauti hafifu ya simu ya tochi, na ifanyike wakati shangazi bado yupo.